Mama Wavu na Fimbo Iliyokatwa

Saa moja asubuhi. Ukumbi wa michezo wa chuo uko kimya, viti vitupu, na Mama Wavu yuko juu ya ngazi, fimbo mkononi, akipima wavu kwa mara ya sita. Leo ni fainali ya mpira wa wavu ya wanaume wa vyuo.

"Mara ya sita, na bado siuamini," anasema. "Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka."

Ana miaka hamsini na sita. Ishirini na miwili kati ya hiyo ameimalizia humu, akipiga deki na kupandisha wavu. Fimbo yake ina urefu wa mita mbili na sentimita arobaini na tatu, kimo cha wavu wa wanaume. Hata waamuzi huiamini kuliko futi zao.

Juzi, siku ya nusu fainali, fimbo ilidanganya.

Mumewe, seremala mstaafu, alikuwa akitafuta kigingi cha mlango wa banda la kuku. Akaiona fimbo nyuma ya mlango, akakata shubiri moja, akapiga msasa vizuri. "Ilikuwa ndefu bure," anajitetea hadi leo.

Wavu ukapandishwa kwa fimbo hiyo hiyo. Timu ya chuo ikawaka moto. Kisoda, mfupi kuliko wote, ambaye kazi yake ni kuwapandishia wenzake mipira, akaruka akapiga smashi. Akapiga ya pili. Ukumbi ukalipuka. Kisoda ni kitinda mimba wa Mama Wavu.

"Nilipiga vigelegele mpaka koo likakauka," anasema. "Halafu nikajiuliza: ni huyu huyu mwanangu anayepanda kiti kutoa sahani kabatini?"

Seti ya kwanza ilipoisha kwa ushindi, akausogelea wavu. Siku zote haufikii utepe wa juu bila ngazi. Juzi aliuchuchumia, akaushika.

Kocha akamwona anamwendea mwamuzi. "We mama! Kaa chini, tunashinda!"

"Hicho ndicho kinachonitoa jasho!"

Seti ikafutwa, wavu ukapandishwa upya kwa futi ya mwamuzi. Smashi ya kwanza ya Kisoda ikagonga wavu, ikamrudia usoni. Timu ilishinda, lakini kwa tabu, seti tatu kwa mbili. Tangu hapo Kisoda hajamsemesha mama yake. Hata chumvi mezani anaiomba kupitia kwa baba.

"Imeniuma jamani, nisiseme uongo," anasema, akijifuta macho kwa kanga. "Lakini kabati la makombe nalifuta vumbi mimi. Kombe la wavu mfupi ningelifuta kwa uso gani?"

Leo anataka kombe la halali liingie kabatini. Na anataka mwanawe.

Mlango unafunguliwa. Kisoda anaingia na viatu mkononi, hasalimii. Anasimama chini ya wavu, anaruka, anaruka tena. Vidole vinaupita utepe kidogo tu.

"Leo haijakatwa?" anauliza, akiitazama fimbo.

"Hii ni mpya, na nimelala nayo kitandani. Baba yako kalala sebuleni."

Kijana anajikaza, anashindwa, anacheka mpaka anakaa sakafuni. Kisha anainuka, anaishika ngazi kwa mikono miwili ili mama yake ashuke.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Vaa viatu, baba, sakafu ina baridi."