Wamama wa Nyuma katika Basi la Akodeo

Basi refu lilipoanza kutembea Goma, bwana yangu alilisifu kama mutu aliyelizaa. Ni mabasi mawili katika moja, alisema. Kati ya kipande cha mbele na cha nyuma kuna mupira uliokunjana kama akodeo, kile kinanda cha kuvuta na kusukuma, na chini yake sahani ya chuma inayozunguka, ili gari refu vile lipinde kona bila kukwama. Alikuwa amesoma yote kwa simu. Zamani kule Ulaya, basi lilivuta teli ya abiria, kigari cha nyuma kisicho na injini, na teli ilikuwa na konvoyeri wake wa kupokea nauli na kusimamisha gari, maana hakuna aliyeweza kuvuka kwenda mbele gari likitembea. Baadaye wakaunga vipande viwili, wakafungua njia katikati, na yule konvoyeri wa nyuma wakamuondoa.

"Unaona akili hiyo?" akaniuliza.

Nikamuuliza, mutu wa nyuma akitaka kushuka nani atamusikia? Akasema kuna vidude vyekundu vya kubonyeza. Kweli vilikuwako. Vilifika kwetu vikiwa vimekufa vyote.

Wenye basi wakaweka mwanaume mumoja juu ya ile sahani. Sisi wa nyuma tunamupigia yeye kelele, naye anamupigia shofere. Na nyuma ni wamama na magunia. Nani aliamua? Hakuna. Ilikuwa tu hivyo.

Siku ile binti yangu alikuwa anachoma kwa homa tangu asubuhi. Mvua ilikuwa inanyesha, sikutaka kumupandisha moto, ile pikipiki ya abiria. Pale Birere basi liliposimama, nikashika mulango wa mbele.

"Mama, nyuma. Mbele hakuna mizigo," akasema yule mwanaume wa sahani.

"Mizigo gani? Nina mutoto tu."

"Mutoto si mizigo? Umemubeba!"

Watu wakacheka. Nikaenda nyuma.

Tulipokaribia kituo cha afya, kwenye barabara ya Sake, nikaita wasimamishe, "Arrêt!" Yule mwanaume alikuwa ametugeuzia mugongo, anabishana habari za mupira wa miguu na mutu wa mbele. Nikaita tena. Wamama wenzangu wakaita pamoja nami.

"Réseau imekatika, kama ya simu!" mumoja akapiga kelele, akigonga bati la gari.

Mwanaume akageuza kichwa kidogo. "Tulieni, wamama. Hii si chukudu ya mbao ya kusukuma, haisimami kwa muguu."

Nikaona geti la kituo likipita dirishani. Mutoto akakakamaa mikononi mwangu, macho yake yakageuka meupe.

Sikuita tena. Nilikanyaga magunia ya makala ya kupikia, nikafika kwenye sahani wakati basi linapinda. Chuma kikazunguka chini ya miguu yangu, mupira ukajibana upande mumoja. Nilimusukuma yule mwanaume kwa bega, nikapita, nikamukamata shofere shati.

"Simama! Mutoto anakufa!"

Akakanyaga breki katikati ya barabara. Akaangalia mutoto, kisha mimi, na ninaamini alishangaa kweli.

"Sasa mama, kwa nini haukusema mapema?"

Nilishuka, nikakimbia kurudi kituo cha afya kwa ile mvua. Mutoto alitundikiwa maji, akapona. Aliponea mikononi mwa infirmière, muuguzi wa pale, si kwa akili ya basi.

Nyumbani bwana yangu akaeleza kwamba shida ni waya tu. Wakitengeneza waya, vile vidude vitalia. Nikamuambia wamurudishe konvoyeri wa nyuma. Akasema dunia hairudi kinyumenyume. Nilimuachia sahani zake aoshe, nikaenda kulala.

Siku ya kumurudisha mutoto kwa uchunguzi, nilipanda mbele, nikakaa nyuma ya shofere kabisa.

"Mama, sehemu ya wamama ni..." shofere akaanza.

"Nitashuka kituo cha afya. Nimesema sasa. Umesikia?"

"Nimesikia, mama. Kaa."

Nikakaa. Kwa mulango wa mwisho wamama walikuwa bado wanapandisha magunia yao, na yule mwanaume alikuwa amesimama tayari kwenye sahani, amewapa mugongo.