Maneno Kumi na Mawili Nyuma ya Tangazo

Jumatano, tarehe 13 Novemba 2024. Asubuhi ilikuwa na joto la kunata, mawingu yakajikusanya upande wa magharibi tangu saa mbili, na mvua ya kwanza ya maana ikaanguka Mpanda saa saba na dakika kumi mchana, ikiwa na radi.

Kabla ya mvua hiyo Nyanzala Mwandu alikuwa ameshaharibikiwa na siku. Alipofungua steshenari yake pale Ilembo saa moja na nusu, alikuta tangazo la ukutani limeinama. Lilikuwa tangazo la kawaida tu, ukubwa wa nusu karatasi, limepitishwa kwenye mashine ya laminesheni na kutundikwa kwa msumari juu ya kompyuta: TAFADHALI USIEGEMEE MEZA. Jana yake jioni aliliacha limenyooka. Hakuwa na shaka na hilo, maana kila siku kabla ya kufunga huligusa kona ya chini kwa kidole.

Akageuka kutazama mlango mdogo wa nyuma. Mlango huo unatokea kwenye korido anayoitumia pamoja na jirani yake Mwanaiddi, muuza chai na vitumbua. Kufuli lilikuwa mahali pake. Lakini mwaka juzi, Nyanzala alipolazwa siku tatu, ufunguo wa akiba alimwachia nani? Mwanaiddi. Aliurudisha, ndiyo. Lakini ufunguo kuchongesha ni dakika tano.

Na si mara ya kwanza. Mwezi wa sita Mwanaiddi alikuja kutoa kopi ya kitambulisho, akaona vumbi kwenye tangazo lile, akalitungua alifute kwa upande wa kanga yake. Nyanzala alimpokonya kwa nguvu mpaka wateja wawili wakageuka.

"Makubwa! Nimeshika mboni ya jicho lako?" Mwanaiddi aliuliza.

"Acha vitu vya watu."

Tangu siku hiyo Nyanzala hakunywa tena chai ya Mwanaiddi. Miezi mitano alitembea mpaka kwenye mgahawa wa barabarani kutafuta kikombe cha chai, ilhali jirani yake anapika hatua sita kutoka mlangoni.

Nyanzala ana miaka arobaini na sita, ni mjane, na watu humwita Mama Upendo kwa jina la binti yake. Alizaliwa kwenye familia ya Wasukuma waliohama na ng'ombe kutoka kaskazini. Baba yake, mzee Mwandu, hakuwahi kumtajia mtu idadi ya ng'ombe wake. Mgeni akiuliza, jibu lilikuwa moja: "Wapo wapo." Hata watoto wake walikatazwa kuwahesabu kwa kunyoosha kidole. Nyanzala alikua na tabia hiyo, na ilipofika zamu yake ya kuwa na kitu cha kuficha, alikificha sawasawa.

Kitu chenyewe kilianza mwaka 2020. Kampuni moja ya ng'ambo ilitafuta watu wa kusikiliza sauti za Kisukuma zilizorekodiwa na kuziandika neno kwa neno. Nyanzala aliifanya kazi hiyo jioni na Jumapili kwa miaka mitatu, na malipo yake yalikuja kwa bitcoin, sarafu za mtandaoni, kwenye programu ya pochi iliyomo ndani ya kompyuta ya dukani. Hakuzigusa. Hizo ndizo zilikuwa mbao na bati za boma lake la Misunkumilo, ambalo kuta zake zimefika kwenye lenta na kusimama hapo, mvua ikizinyea mwaka wa tatu sasa.

Siku ya kwanza programu ile ilimwonyesha maneno kumi na mawili ya Kiingereza, ikamwambia ayaandike kwenye karatasi kwa mpangilio wake. Aliyasoma maelezo mara mbili na kuyaelewa. Kompyuta ikifa, maneno hayo yatarudisha kila kitu kwenye kompyuta nyingine. Mtu mwingine akiyapata, atachukua kila kitu. Na yakipotea hakuna benki, hakuna polisi, hakuna meneja wa kumwendea na barua. Mwaka jana mtu alimpigia simu akijiita ofisa wa msaada wa pochi, akamtaka amtajie maneno hayo ili "ahakiki akaunti". Nyanzala alimjibu, "Anza wewe, nitajie idadi ya ng'ombe wa baba yako," akakata.

Basi siku ile alichana kipande cha karatasi kwenye mashine ya risiti, ndicho kilichokuwa karibu na mkono, akaandika maneno yake kwa kalamu ya bluu. Akakiweka nyuma ya tangazo, akafunika kwa karatasi nyingine ngumu, akavipitisha vyote kwenye mashine ya laminesheni kama anavyofanya kwa vyeti vya watu. Akatundika. Kila mteja aliyeingia aliyatazama maneno yale bila kuyaona. Hata mwizi, alifikiri, haibi tangazo.

Radi ilipiga saa nane kasoro. Umeme ukakatika, ukarudi kwa mshindo, na chini ya meza sipiyu, lile boksi la kompyuta, ikatoa mlio kama bisi inayopasuka kwenye sufuria. Ikafuata harufu ya plastiki iliyoungua. Nyanzala alichomoa waya ukutani na kumpigia simu fundi, kijana anayeitwa Yotham. Kisha akafunga mlango wa mbele kwa komeo, akafunga na wa nyuma, akapanda kwenye kiti na kulitungua tangazo.

Alilikagua kwanza. Plastiki ilikuwa imeshikana pande zote nne, haina mkato, haina povu; hakuna aliyeifungua. Akachukua wembe, akapasua ukingo wa juu, akavuta kipande cha risiti.

Kilikuwa cheusi. Cheusi chote, kama sehemu ya chini ya sufuria.

Aliketi. Aliijua sababu kabla hajamaliza kuuliza. Karatasi ya risiti haitumii wino, maandishi yake hutokea kwa joto, na ukiipitisha kwenye laminesheni yote inaungua na kuwa nyeusi. Yeye mwenyewe huwaambia wateja hivyo. Mwaka 2022 dereva mmoja alimng'ang'ania amlaminetie risiti ya mafuta, ikatoka nyeusi, wakacheka wote wawili. Alicheka akiwa amesimama chini ya tangazo lile, na hata siku hiyo hakukumbuka.

Alikipeleka kipande dirishani na kukigeuza geuza. Pale kalamu ilipokandamiza karatasi palikuwa na mng'ao mdogo. Alisoma neno la kwanza, la pili, la tano, la tisa. La kumi alipata nusu. Mengine hayakusomeka. Kumbe miaka minne alikuwa akiwazuia watu wasiione karatasi ambayo haikuwa na kitu. Sasa boma la Misunkumilo lilikuwa limebaki sehemu moja tu duniani, ndani ya sipiyu iliyonuka moshi, na mlangoni Yotham alikuwa anabisha hodi.

Aliingia amelowa, begi kifuani. Alifungua sipiyu, akainusa, akatikisa kichwa.

"Hii pawa saplai inayoingiza umeme imekufa, Mama Upendo. Na inawezekana imeondoka na vingine. Niachie niende nayo, kesho jioni utaipata."

"Haiondoki hapa."

"Mama, pale kwangu nina mashine ya kupimia."

"Ilete hapa."

"Kwenye mvua hii?" Yotham alicheka. "Basi nifungue diski peke yake, nikaihifadhie kopi kwangu. Hata ikitokea la kutokea, mimi ninazo data zako zote."

Alisema kwa wema, lakini Nyanzala aliyarudia maneno ya mwisho kichwani. *Mimi ninazo data zako zote.* Alijua kwamba faili la pochi limefungwa kwa nywila na halifunguki hivi hivi. Lakini nywila yenyewe ilikuwa Upendo na mwaka wake wa kuzaliwa, na Yotham alisoma darasa moja na Upendo. Kwa nini kijana huyu alitaka kopi? Nani alimwomba?

"Una pawa saplai nyingine humo kwenye begi?"

"Ipo, ila imetumika."

"Ifunge hapa hapa. Mimi nitashika tochi."

Alishika tochi karibu saa nzima. Yotham alipotoa skrubu, Nyanzala alizipokea na kuziweka kwenye kifuniko cha chupa. Alipogusa waya wa diski, tochi ilisogea mpaka karibu imuunguze sikio.

"Mama Upendo, unanitazama kama fisi aliyekutwa zizini."

"Fisi akitazamwa anakula nini?"

"Hali kitu."

"Basi fanya kazi, baba."

Saa kumi na robo feni ya sipiyu ilizunguka, skrini ikawaka, ikauliza nywila ya kuingilia. Yotham akainama karibu na kibodi. "Nitajie paswedi niangalie kama Windows inafunguka vizuri."

"Geuka."

"Nigeukie wapi?"

"Tazama mvua."

Yotham akatazama mvua. Nyanzala akaandika, kompyuta ikafunguka, kila kitu kilikuwa mahali pake. Alimlipa, akamshukuru, akamsindikiza mpaka kibarazani, akasubiri mpaka pikipiki yake ipotee kwenye kona. Hapo ndipo aliporudi na kufunga mlango.

Kwanza alichomoa modemu, ili kompyuta isiongee na mtu yeyote. Akafunika kamera ya skrini kwa kipande cha selotepu nyeusi. Simu yake aliizima na kuitia kwenye droo, maana aliwahi kusoma kwamba picha ya simu hupanda yenyewe kwenye mtandao. Printa nayo hakuiamini, ina kumbukumbu yake. Akafungua pochi, akatafuta palipoandikwa maneno ya kurejesha, akaweka nywila. Yakatokea yote kumi na mawili. Alisoma la kwanza, la pili, la tano na la tisa, akalinganisha na kile kipande cheusi. Ni yenyewe.

Aliyaandika kwa penseli ya mbao kwenye karatasi nene ya jalada, herufi kubwa, kila neno na namba yake. Akaandika nakala ya pili. Aliyasoma kutoka chini kwenda juu, kisha juu kwenda chini.

Zamani angeishia hapo. Lakini alikumbuka jambo la baba yake ambalo kwa miaka yote hakulijali. Mzee Mwandu hakuwaweka ng'ombe wake kwenye zizi moja. Wengine aliwaweka kwa rafiki zake, vijiji vitatu mbali, ili ugonjwa ukija usiwamalize wote. Na kila mwezi alichukua fimbo akaenda kuwatazama. Rafiki akimwambia "Hawajambo," alijibu "Nimesikia," na bado aliingia zizini, akamshika kila mmoja sikio.

Nyanzala alifunga ile pochi. Akaanzisha nyingine mpya, tupu, akachagua kurejesha, akaandika maneno kutoka kwenye karatasi yake mpya bila kutazama kwingine. Akakosea neno la saba, programu ikakataa. Akarudia. Mara hii ikakubali, ikamwonyesha anwani ya kwanza ya kupokelea. Alitoa daftari alimonakili anwani yake ya mwaka 2020, ule mfululizo mrefu wa herufi na namba. Aliufuata kwa ncha ya penseli, herufi moja moja, mpaka mwisho. Ililingana.

Karatasi ya pili akaifanyia jaribio lile lile tangu mwanzo. Halafu akazifuta pochi za majaribio na kubadilisha nywila, safari hii bila jina la mtoto wala mwaka wa mtu. Karatasi hizo hakuzilamineti. Alizitia kila moja kwenye mfuko wa plastiki, kisha kwenye bahasha, akazibandika kwa gundi na kupiga saini juu ya maungio. Mvua ilikuwa imeisha. Wakati anafunga duka macho yake yalienda ukutani, kwenye msumari mtupu.

Asubuhi iliyofuata, Alhamisi, mbingu zilikuwa safi na barabara ina matope. Bahasha moja aliiacha nyumbani, chini ya sanduku la nguo. Ya pili alipanda nayo bajaji saa kumi na mbili na nusu mpaka Misunkumilo kwa mama yake. Alimwambia ni hati za boma, na kwamba kila tarehe mosi ya mwezi atakuja kuitazama. Mama yake aliitia kwenye mkebe wa biskuti bila kuuliza, akaufungia kabatini.

Saa mbili alikuwa Ilembo. Hakufungua duka kwanza. Alizunguka kibarazani kwa Mwanaiddi, akaketi kwenye benchi mbele ya jiko la mkaa.

Mwanaiddi alimtazama, mwiko mkononi. "Leo jua limetokea wapi?"

"Nipe chai, shoga."

"Ya kunywa au ya kunimwagia?"

"Ya kunywa. Na vitumbua viwili." Nyanzala alitazama ndani, akaona rafu mpya ya mbao imejaa vikombe kwenye ukuta unaowatenganisha. "Rafu hiyo umeweka lini?"

"Juzi jioni, ulikuwa umeshafunga. Msumari ulikataa kuingia, nikapiga nyundo mpaka nikasema leo ukuta utaangukia kwa Msukuma, nitahamishwa mji."

Nyanzala akalikumbuka tangazo lililoinama. Alitoa kipande cheusi kutoka kwenye pochi yake ya kiunoni, akakisukuma katikati ya makaa.

"Unachoma nini kwenye jiko langu?"

"Risiti. Imeharibika."

Mwanaiddi aliinama kutazama. Nyanzala naye alimtazama Mwanaiddi, macho yake yanaenda wapi, mpaka karatasi ilipojikunja na kuwa majivu. Kisha akaokota kijiti, akayavuruga majivu yale mara tatu, akapokea kikombe chake na kunywa.