Saa ya Mama

Mamangu anafanya kazi ya usafi Uswidi. Mapumziko yake ni nusu saa tu, saa sita mchana ya huko, na sisi ndio tunaompigia, maana huku Kismayo mtandao hauna ahadi. Tangu alipoondoka, wakati huko baridi imeshaanza, kazi ya kujua saa yake ilikuwa yangu. Bibi akiuliza, "Kwa mamako saa ngapi?" natoa mbili kichwani, namjibu. Na bibi aliweka sheria: aliyehesabu ndiye anayempa mama salamu ya kwanza. Mimi ni mtu wa haya, kwenye watu sauti yangu haitoki, lakini salamu ile ilikuwa yangu.

Halafu akaja binamu yangu kutoka Mombasa na simu yake kubwa.

Siku hiyo saa nane ilipofika bibi akauliza kama kawaida. Kabla sijafungua mdomo, mwenzangu ameshaandika swali pale pa kutafutia, na jibu limekaa juu kabisa, kwa tarakimu kubwa. Hata ukurasa mmoja hakufungua. Wala hakuna mtu aliyekuwa ameliandika mahali. Simu ilipiga hesabu papo hapo, kwa ajili yake yeye. Niliona kama nimepokonywa kitu mkononi.

"Kumi na tatu," akasoma.

Bibi akacheka mpaka mtandio ukamteleza. "Saa kumi na tatu! Hiyo wameiongeza lini, mwanangu?"

"Ndiyo saa saba hiyo, bibi. Saa saba mchana."

"Uongo!" nikasema, na sauti yangu ikanishtua mwenyewe. "Ni saa sita. Toa mbili."

"Abaayo, dada yangu, bishana na simu, usibishane na mimi."

Bibi aliniamini mimi. Tukapiga. Ikalia, ikalia, mpaka ikakata. Jioni mama akatuma ujumbe: huko wamesogeza saa mbele, sasa tumepishana saa moja tu. Alitungoja mapumziko yote, akarudi kazini.

Kesho yake, saa saba, bibi hakunitazama. "Wewe mwenye simu, kwa shangazi yako saa ngapi?"

"Sita kamili, bibi."

Mama akapokea mara moja. Salamu ikaenda kwa binamu, na mama akacheka naye, kicheko kile cha kuvuta pumzi ambacho nilikuwa nikidhani ananichekea mimi peke yangu. Nilikaa nikichomoa nyuzi za mkeka. Simu ilipofika kwangu ilikuwa ya moto.

"Nani leo kawahesabia saa?" mama akauliza. "Mumepatia hasa."

Binamu alikuwa ubavuni pangu, shingo kainyoosha, anasikia kila neno, anangoja kutajwa.

"Simu," nikamwambia.