Melania na Kidonge Kitamu

Tangu mumewe Pastory akatwe mguu kwa sababu ya kisukari, na yeye mwenyewe kuambiwa anao ugonjwa huohuo, Melania hakutia tena hata punje ya sukari kinywani. Miaka kumi na mmoja. Kwenye harusi za kijijini kwao Kalinzi alibeba chupa yake ya chai, na waliomcheka walichoka wao kwanza.

Mwaka huu, kahawa ikiwa bado mbichi mtini, malaria ilimwangusha. Siku mbili alitapika kila kitu: uji, maji, hata dawa. Binti yake Diana akamteremsha Kigoma mjini kwa bodaboda, akimshikilia kiunoni njia nzima. Daktari alimpima, akamwandikia dawa ya malaria na kidonge cha kuzuia kutapika, kile cha kuweka juu ya ulimi kikayeyuka chenyewe. Akamwambia akiendelea kutapika atalazwa.

Kwenye dirisha la dawa alikuwepo Yasmini, mfamasia, mzaliwa wa Ujiji. Alimpa kidonge palepale. Melania akakiweka ulimini, mara macho yakamtoka. Akakitema kwenye kitenge.

"Kitamu! Mimi nina sukari, mwanangu. Mnataka kunimaliza?"

Foleni ikaangua kicheko. Yasmini hakucheka. Alitoka nje, akaketi naye kwenye benchi, akafungua karatasi iliyokuja ndani ya boksi.

"Una haki ya kuogopa, mama. Lakini huu utamu si sukari. Ni kitu kingine, kinatiwa kidogo sana ili dawa isiwe chungu mdomoni. Hakipandishi sukari yako."

"Kitu kitamu kisiwe sukari?"

"Ndiyo. Wapo wachache wasiokiweza, wenye ugonjwa wa kuzaliwa nao, ambao tangu utotoni wanakatazwa nyama, samaki na maharage. Kwenu yupo?"

"Maharage ndiyo yaliyotulea."

"Basi kwako hakina neno. Ila dawa nyingine zina sukari ya kweli, hasa zile za maji za kikohozi. Uliza kila mara. Na hivi vidonge viweke mbali na wajukuu, watadhani pipi."

Melania bado alikuwa anasita. Yasmini akaleta kipimo cha sukari, akamtoboa kidole: nane nukta moja. Akampa kidonge kingine. Safari hii Melania alifumba macho, akakiacha kiyeyuke. Baada ya nusu saa akanywa dawa ya malaria, na haikurudi. Ilipopita saa nzima, Yasmini akampima tena: saba nukta tisa.

Melania aliitazama ile namba, machozi yakamlengalenga. Si kwa sababu ya kidonge. Miaka yote ile alikuwa akiogopa peke yake, na hakuna aliyewahi kuketi kando yake akamsomea karatasi ya dawa mstari kwa mstari.

"Mungu akupe maisha marefu, mwanangu."

Hakulazwa. Baada ya wiki moja alikuwa shambani, akimwelekeza Diana mahali pa kupalilia.

Alipovuna, alikaanga kahawa kwa mkono wake mwenyewe, akaituma mjini, kwenye lile dirisha la dawa. Na kila jioni, yeye na Pastory wanaposali rozari, huombea watoto wao wanne, kisha wa tano: Yasmini wa Ujiji, binti wa Kiislamu ambaye Pastory hajawahi kumwona kwa macho.