Gitaa la Upande wa Kushoto

"Nizibeni sikio moja, nifungeni na macho, bado nitawaambia santuri imechapwa kiwanda gani!"

Maneno hayo mjomba wangu aliyasema redioni, Jumamosi asubuhi, katika kipindi cha nyimbo za zamani, baada ya kushikilia simu dakika arobaini akingoja zamu yake. Mtangazaji akacheka, akasema, "Basi wasikilizaji, leo tumempata Sikio." Jina likashika. Jumatatu yake hata muuza mikate alikuwa akimwita Sikio, na mjomba hakukasirika hata kidogo. Alianza kutembea amelitanguliza hilo sikio kama mtu aliyebeba keki.

Kazi yake ni kukereza vyuma. Amesimama kwenye mashine ileile miaka thelathini na mmoja, na upande wake wa kushoto, hatua mbili tu, lipo jiwe la umeme la kusagia ambalo likiwashwa hata mende wa ukutani wanahama. Kila Januari karakana huwagawia wafanyakazi vizibo vya masikio. Mjomba vyake huvibandika kwenye mlango wa kabati la nyumbani ili usigonge ukifungwa. Kabati lile limehifadhiwa vizuri sana.

Ila Jumapili mchana hakuwa mkereza vyuma. Jumapili alikuwa hakimu. Mahakama yake ilikuwa chumba cha nyuma cha duka la Fundi, rafiki yake wa tangu ujana, mshonaji wa suti. Ni chumba kizuri kwa muziki, kwa sababu majora ya kitambaa yamepangwa hadi darini na hakuna sauti inayopata pa kugonga ikarudi. Mashine ya santuri iliwekwa juu ya meza ya kukatia nguo, cherehani zikafunikwa, na watu watatu wakakaa: mjomba, Fundi na Mwalimu, ambaye alifundisha hesabu hadi akastaafu na sasa anayekosea hesabu mbele yake ni mkewe tu.

Watatu hao walikuwa na ugonjwa mmoja. Ni albamu ya roki ya zamani, ya vijana wanne wenye nywele za kufika mabegani, walioimba kama watu walioamshwa ndotoni kabla ndoto haijaisha. Jina lake ni refu, wao huiita Konokono kwa sababu jalada lake lina konokono anayepanda ngazi za mawingu. Albamu moja, lakini walikuwa na nakala nne, kila moja imechapwa kiwanda tofauti, mwaka tofauti. Walikuwa wakicheza wimbo uleule mara nne mfululizo na kubishana. Hii besi imenona. Hii sauti za juu zinalia kama kijiko kwenye sufuria. Hii ngoma zimerudi nyuma, utadhani mpigaji alifukuzwa studio akapigia uani. Mke wa mjomba aliwahi kuwapelekea chai, akasikiliza nakala mbili, akasema, "Kwa hiyo mmeusahau wimbo mkaurudia?" Hakualikwa tena.

Chapa ya kwanza hawakuwa nayo. Waliijua kwa kusimuliwa tu. Ilisemekana kuwa katika wimbo wa tatu kuna gitaa linalomfanya msikilizaji ageuze shingo, na kwamba chapa zilizofuata zililiharibu.

Fundi, kumbe, alikuwa na nakala ya tano kabatini. Alipewa na kaka yake, marehemu sasa, aliyekuwa mwendesha mitambo katika ukumbi wa sinema. Kaka alipokuwa mgonjwa alimwita, akamwekea santuri mapajani, akamwambia, "Hii ni ya kwanza. Nimekutunzia wewe." Fundi aliihifadhi miaka minane kati ya suti na ukuta, bila kuicheza, kwa kuogopa sindano isiichubue. Nadhani aliogopa na jambo jingine, kwamba labda kaka alikosea. Lakini Jumapili moja aliileta mezani imefungwa katika kitambaa cha bitana, akaifungua kama anayefungua mtoto mchanga.

Nilikuwepo. Nilikwenda kuchukua suruali yangu.

Mwalimu alitoa lenzi yake mfukoni. "Tusome alama kwanza," alisema. Karibu na karatasi ya katikati, pale mifereji inapoishia, viwanda huwa vinachora herufi ndogo kwa ncha ya chuma, na ukizisoma unajua santuri imetoka wapi na ni ya ngapi.

"Kusoma ni kwa wasiosikia, Mwalimu," mjomba akamjibu. "Nipe hedifoni."

Tulicheka. Na mimi nilicheka, kwa sauti.

Mjomba akavaa hedifoni, akafumba macho, akanyoosha kidole kimoja hewani kama kawaida yake. Wimbo wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kidole kikashuka. Akavua.

"Gitaa halipo."

"Halipo vipi?" Fundi akauliza.

"Halipo, Fundi. Nasikia kinanda, nasikia ngoma, nasikia mwimbaji na usingizi wake. Gitaa hakuna. Hii ni bandia, imechapwa na mtu aliyeiba kanda akaambulia nusu."

Fundi akazivaa mwenyewe, akarudisha sindano. Wimbo ulipofika katikati, shingo yake iligeuka kushoto, yenyewe, kama mtu aliyeitwa kwa jina kutoka mlangoni.

"Mbona mimi nalisikia?"

"Unasikia lile la nakala zetu. Limekukaa kichwani."

"Sikio, liko hapa." Akaligusa sikio lake la kushoto.

"Fundi, aliyesema redioni ni mimi au wewe?"

Mwalimu alirudisha lenzi mfukoni. Fundi aliirudisha santuri katika jalada lake, akalipangusa jalada kwa kiganja, akaniuliza kama suruali nataka ikunjwe au itundikwe.

Wiki ile, mezani kwao, Fundi alimwambia shemeji yake, mjane wa kaka, jambo ambalo hangelisema siku nyingine. Alimwambia mumewe alimwachia kitu bandia akakiita cha kwanza, na kama alidanganya katika kidogo kile, nani ajue alidanganya katika mangapi. Shemeji alinyanyuka na sahani yake akaenda kulia chumbani. Tangu siku hiyo hawasemezani, na wanakaa nyumba moja. Yule mama alihamishia hata nguo zake kwa mshonaji mwingine, anapita mbele ya duka la Fundi na kitambaa mkononi, mchana kweupe. Na Fundi naye, kwa hasira, aliibeba santuri akampelekea Mama Saa. Huyu ni mwanamke mwenye meza karibu na posta, anayekata santuri kuukuu kwa waya wa moto na kuzigeuza saa za ukutani. Fundi hakuomba hata kitu.

Mjomba aliyasikia hayo yote, akasema, "Afadhali ameujua ukweli."

Haukupita mwezi, karakana ikaleta muuguzi wa kupima masikio ya wafanyakazi. Mjomba aliingia katika kile kijichumba cha kioo akitabasamu, maana nje foleni nzima ilikuwa ikimshangilia, "Sikio! Sikio!" Muuguzi, binti mdogo mwenye sauti ya upole, akamwambia, "Baba, ukisikia mlio, inua mkono wa upande unaosikia."

Mjomba alikaa. Akangoja. Akangoja tena. Mwishowe akagonga kioo. "Binti, mtambo wako umeharibika. Anza basi."

"Nimeanza zamani, baba. Nimemaliza kushoto. Sasa naingia kulia."

Nilizipata habari hizi kwake mwenyewe, siku ileile. Nilimkuta amekaa kwenye kochi, hedifoni mapajani, nakala zake mbili za Konokono sakafuni. Mimi nilisomea umeme mwaka mmoja na nusu kabla ya chuo na mimi kuachana kwa amani, kwa hiyo aliniita nimweleze, nami nilimweleza nusu ninayoijua. Mfereji wa santuri una sauti mbili, ya kushoto na ya kulia. Ukivaa hedifoni, kila sikio linapata yake. Mtengenezaji akikiweka chombo kushoto peke yake, sikio la kulia halitakisikia kabisa.

"Na katika hizi zetu, gitaa liko wapi?"

Nikasikiliza. "Katikati, mjomba. Linakuja masikio yote mawili."

Akafikiri. Nilimwona akifika pale kabla yangu. Waliochapa baadaye walilisogeza gitaa katikati, na hilo ndilo waliloliharibu. Katika chapa ya kwanza lilikaa kushoto peke yake, ndiyo maana linageuza shingo. Lile alilolikosa yeye ndilo lililokuwa ushahidi.

"Aligeuka," mjomba akasema. "Fundi aligeuka, nikamwona."

Mkewe alikuwa amesimama mlangoni na ndoo. "Kushoto, siyo?" akauliza. "Miezi sita nakaa kushoto kwako kwenye hilo kochi nikiongea peke yangu. Nilidhani umeninunia. Nikasema sawa, na mimi ninune."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia. Kwa upande huohuo."

Siku nyingine ningecheka mpaka nikae chini. Mjomba alikuwa anafuta jalada la Konokono kwa kiganja, vilevile alivyofanya Fundi, na sikuona pa kuanzia kucheka.

Alipoteza Jumapili mbili. Ya kwanza alisema ana mafua. Ya pili alifika hadi mlango wa duka, akamkuta Fundi amejaza pini mdomoni akipima bega la mteja, akarudi nyumbani. Aliniambia njiani alikuwa ameipanga sentensi vizuri kabisa, ila ilianza na neno "samahani" na hakukumbuka mara ya mwisho kulitumia mbele ya watu bila kuongeza "lakini".

Jumapili ya tatu alikwenda, akaniomba nimsindikize. Mwalimu alikuwa amekwisha kaa. Mjomba hakusalimia. Aliweka nakala yake juu ya mashine, akakalia kiti cha hukumu, akavaa hedifoni.

"Nizibeni sikio moja," alisema.

Mwalimu akapiga makofi. "Redio hiyo! Leo tunaonyeshwa redio!"

"Lipi?" Fundi akauliza. Tangu ile siku alikuwa akimwita mjomba kwa heshima zaidi, na hiyo ndiyo iliyomuumiza mjomba kuliko tusi.

"La kulia. Tia pamba, ijaze, halafu funga hedifoni juu yake."

Fundi alichukua pamba ya kujazia mabega ya makoti, akaisokomeza, akashusha sindano mwenyewe. Tukamtazama mjomba. Kidole hakikupanda. Kutoka kwenye hedifoni tuliusikia muziki kwa mbali, mwembamba, kama nyuki ndani ya kopo: wimbo wa kwanza ukaisha, wa pili ukaingia. Mwalimu aliacha kutabasamu kabla ya wengine.

Mjomba akauliza, kwa sauti ya juu kama viziwi wanavyouliza, "Imeanza?"

Fundi alimzunguka, akainama mbele yake ili amwone mdomo.

"Imefika wa tatu," alisema.

Mjomba akavua hedifoni, akachomoa pamba. "Lilikuwepo, Fundi. Gitaa lako. Ulilisikia, na ulilisikia mahali pake. Mimi ndiye ambaye sikusikia, na Mwalimu alipotaka kusoma nikamkatalia."

Fundi aliinua sindano, akazima mashine. Kisha akauliza jambo ambalo sikulitegemea. "Na yule mama? Niliyomwambia yule mama?"

"Nitakwenda kwake mwenyewe."

"Utakwenda kesho. Leo tunakwenda posta." Akachukua lenzi kutoka mfuko wa shati la Mwalimu bila kuomba, akamkabidhi mjomba.

Mama Saa alikuwa na saa zipatazo ishirini zimetundikwa kwenye wavu: paka, ndege, moyo, taji. Fundi aliitambua kwa konokono mdogo wa kwenye karatasi ya katikati. Ilikuwa imekatwa umbo la jua. Miale ilikuwa imekula wimbo wa kwanza na wa pili, na wa tatu ulibaki vipande, unaanza hapa unakatikia pale. Mishale ya saa ilitokea katikati ya konokono. Ilisema saa nne na dakika kumi, na haikuwa saa hiyo.

"Soma," Fundi akasema.

Mjomba akaweka lenzi. Akaisogeza kwa kipimo cha unywele, kama anavyofanya kwenye mashine yake ya chuma.

"Nyota. Herufi. Halafu moja."

"Maana yake nini?"

"Ya kwanza."

"Kwa sauti zaidi. Sikusikii."

"Ya kwanza, Fundi! Kaka yako alisema kweli."

Watu wawili waliokuwa wakipita waligeuka. Fundi akatikisa kichwa taratibu, akapitisha kidole juu ya mwale mmoja, pale waya ulipopita, ambapo plastiki iliyeyuka ikaacha ukingo mgumu. Akaurudisha mkono wake mfukoni.

"Mnanunua au mnaomboleza?" Mama Saa akauliza. Alikuwa amekaa kushoto kwa mjomba, na mjomba hakumsikia, ikabidi azunguke.

"Nimesema mnanunua?"

"Hii. Bei gani?"

Elfu kumi na nane, bila betri.