Maziwa ya Kutibia Kiwele

Tarehe 11 Februari 2002, saa moja asubuhi, nilikuwa jikoni kwangu Malangali nikitikisa chungu cha maziwa kilichokaa siku tatu bila kuganda. Kilichoyumba ndani kilikuwa majimaji yaleyale ya siku ya kwanza, isipokuwa sasa yalikuwa na harufu isiyo ya mtindi wala ya maziwa. Sababu niliijua. Jirani aliyeniuzia alikuwa amemtibu ng'ombe wake ugonjwa wa kiwele kwa tyubu za antibiotiki, na badala ya kuyamwaga maziwa ya siku zile, kama inavyopaswa, aliyauza. Dawa iliyokusudiwa kuua vijidudu ndani ya kiwele iliendelea na kazi yake ndani ya chungu changu, ikaviua na vile vinavyogandisha mtindi.

Nilimfuata kumwuliza.

"Bibi Mifugo," alinijibu, "maziwa ni meupe, au si meupe?"

"Ni meupe."

"Basi."

Jina hilo la Bibi Mifugo lilikuwa limenibakia mwilini kama sare kwa mtu aliyeacha jeshi. Nilisoma chuo cha mifugo, nikaajiriwa na serikali, nikazunguka kata za Ufipa hadi siku tulipoelezwa kwamba huduma sasa ni za soko huria na kwamba baadhi yetu tumepunguzwa kazini. Soko likaja kweli. Mjini Sumbawanga yakafunguliwa maduka ya dawa za mifugo, na katika mojawapo muuzaji alikutolea penisilini kwa mkono uleule aliopimia misumari. Zamani tulikosa dawa. Sasa dawa zilipatikana zote, kilichokosekana ni maelezo ya kuzitumia. Mwenye ng'ombe anayehitaji tyubu tatu alinunua moja, akaigawa nusu kwa nusu baina ya chuchu mbili. Vijidudu vilivyonusurika vilirudi vikiwa vimekwisha kuizoea dawa. Nililisema jambo hili katika kila mkutano nilioalikwa, mpaka sauti yangu mwenyewe ikaanza kunichosha.

Juma hilohilo nilipokea bahasha. Rafiki niliyesoma naye, aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti mbali na huku kwetu, alikuwa amenitolea kopi kurasa chache za jarida la kisayansi. Nilizisoma mara tatu. Zilieleza kwamba protini ya maziwa iitwayo kasini, ikikatwakatwa kwa vimeng'enya, hutoa vipande vidogo sana viitwavyo peptidi, na kwamba baadhi ya vipande hivyo vina uwezo wa kuua vijidudu, na vingine huamsha ulinzi wa kiwele chenyewe. Watafiti walikuwa wakijaribu kuvitengeneza vikiwa safi kabisa, kuvipima, na kuviingiza katika chuchu ya ng'ombe mgonjwa badala ya antibiotiki. Hapakuwa na dawa ya kununua popote. Palikuwa na matumaini, na majedwali.

Nakiri kwamba nilifurahi kupita kiasi. Kwa miaka mingi nilikuwa mtu wa kuwaambia wenzangu msifanye hiki, msifanye kile. Sasa nilikuwa na habari njema ya kuwapelekea, tena habari inayotoka katika kitu wanachokishika kila siku.

Wiki iliyofuata kamati ya ng'ombe ya Pito iliniita kufundisha. Kamati hiyo iligawa mitamba wenye mimba kwa familia zisizo na ng'ombe. Aliyepewa alimtunza, akala maziwa, na ndama jike wa kwanza akampa familia inayofuata katika orodha. Tulikutana katika ukumbi wa kigango cha kanisa. Nilianza na usafi: kunawa mikono hadi kwenye kiwiko, kuchemsha vyombo, kutumia kitambaa safi. Watu walisinzia kwa adabu. Ndipo nikawapa habari yangu.

"Maziwa yenyewe yana dawa ndani yake," nilisema. "Dawa ya kiwele inatoka kwenye kiwele."

Sentensi hiyo ilinipendeza, nikairudia. Hakuna aliyesinzia tena. Mzee mmoja wa Kisukuma, aliyehamia na ng'ombe wake bonde la Rukwa na ambaye alihudhuria mikutano yetu kwa burudani zaidi kuliko kwa elimu, aliinua fimbo.

"Bibi Mifugo! Kumbe mlikaa chuoni miaka yote hiyo mnatafuta dawa, nayo iko kwenye kibuyu cha mke wangu?"

Ukumbi ukacheka.

"Shikamoo, mzee," nilimjibu. "Ningejua, ningekuja kusoma kwako."

"Marahaba. Tungekufukuza siku ya pili. Ninyi Wafipa mkiona ng'ombe mnafikiria kumfunga jembe."

Kicheko kile kilinilevya kidogo, na hapo ndipo nilipokosea. Maneno ya tahadhari nilikuwa nimeyaweka mwishoni, kwa imani ya kiwalimu kwamba jambo la mwisho ndilo linalokumbukwa. Kabla sijayafikia, mvua iliangukia bati. Nilisema kwamba huu ni utafiti tu, kwamba dawa yenyewe haijawa tayari, kwamba mtu asijaribu nyumbani. Nilisema yote hayo kwa safu ya mbele, ambayo ilikuwa imeinama ikitafuta viatu. Safu za nyuma ziliona mdomo unaocheza. Nami, badala ya kusubiri mvua ipungue, nilifunga daftari nikaenda kunywa chai.

Siku tisa baadaye niliitwa Pito na mjane mmoja aliyekuwa amekaa safu ya nyuma. Alinizidi umri, aliishi na wajukuu watatu na ng'ombe mmoja wa kamati, ambaye ndama wake wa kwanza alikuwa dume, hivyo zamu ya kutoa mtamba ilikuwa bado. Nilimkuta bandani ameshika kwato la nyuma, akimsemesha ng'ombe Kifipa kwa sauti ya chini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nimefanya kama ulivyosema, lakini hapati nafuu."

"Nilisema nini?"

Alinitazama kama anayejiuliza iwapo namtania, kisha akanionyesha vitu vyake, vimepangwa juu ya ubao uliosuguliwa: kitambaa cheupe, chupa, na tyubu tupu ya dukani.

"Mtindi nimeuchuja mara tatu. Maji yake nimeyatia humu. Tyubu nimeichemsha, na mdomo wake nimeuchemsha. Mikono nimenawa mpaka hapa."

"Umeingiza mtindi kwenye chuchu, mama?"

"Maji yake tu. Mabonge si yangeziba?"

Katika miaka yangu yote ya kazi sikuwahi kuona mfugaji aliyetii maelekezo ya usafi kwa ukamilifu kama ule. Nilitamani kupiga kelele, na sikujua nimpigie nani.

"Kwa nini hukununua dawa?"

"Nilinunua moja, ndiyo hiyo tupu. Wewe mwenyewe ulituambia ukitia ile, maziwa ya siku tatu umwage. Hawa watoto uji wao watie nini, maneno yako?"

Nilichuchumaa nikakipapasa kiwele. Robo moja, ile ya chuchu aliyoitia maji ya mtindi, ilikuwa ya moto, ngumu kama jiwe la kusagia, na nilipoikamua ilitoa maji ya manjano yenye uzi wa damu. Nilimwonyesha jinsi ya kuikanda kwa kitambaa cha moto na kuikamua kila baada ya muda mfupi, na maziwa hayo yasinywewe na mtu wala ndama. Kisha nikaenda mjini kununua kitu kilekile nilichokuwa nimewatangazia kwamba kitapata mbadala.

"Nipe tyubu tatu," nilimwambia muuzaji.

"Tatu zote za ng'ombe mmoja, mama? Wenzako huchukua moja."

"Wenzangu nimewafundisha mimi, na ona tulipofika. Hii uliyonipa imekwisha muda wake."

"Hiyo tarehe wameandikia watu wa joto, mama. Sumbawanga na baridi hii, dawa inaharibikaje?"

Tulibishana mpaka akatoa nyingine kutoka chini ya meza, ambayo bila shaka alikuwa nayo tangu mwanzo.

Nilikwenda Pito kila siku kwa wiki nzima. Homa ilishuka, ng'ombe akaanza kula, lakini ile robo ya kiwele haikurudi. Ilisinyaa ikafa, zikabaki tatu. Pengine vilivyoingia na maji ya mtindi vilikuwa kuvu, na kuvu hakuna antibiotiki inayowagusa. Nilikuwa nimezungumza kuhusu peptidi zilizosafishwa na kupimwa, na ng'ombe wa watu akapokea kibuyu kizima.

Nilidhani habari imeishia hapo. Siku chache baadaye mwenyekiti wa kamati alifika kwangu kwa baiskeli, akatoa karatasi mfukoni.

"Saini hapa tu, Bibi Mifugo."

Ilikuwa fomu ya mnyama aliyedhurika. Kwenye nafasi ya sababu palikuwa pameandikwa tayari: uzembe wa mfugaji.

"Nani amejaza hapa?"

"Mimi, nikupunguzie kazi."

"Na ng'ombe?"

"Sheria unaijua. Mfugaji akizembea, mnyama anahamia kwa anayefuata. Mwenzake amekwisha kukata na miti ya banda."

"Mwenyekiti, ulikuwepo ukumbini. Nilisema nini siku ile?"

"Ulisema maziwa ni dawa. Hata mke wangu nilimsimulia."

"Nilisema pia msijaribu."

"Hilo sikulisikia."

"Basi kosa ni la nani?"

Alicheka, si kwa ubaya. "Usijitafutie makubwa. Wewe ni mtaalamu, na mtaalamu haandikwi humu. Angalia mwenyewe: mfugaji, mnyama, shahidi. Nafasi yako ni shahidi."

Nilimwambia aiache fomu. Aliiacha, kisha kwa wiki mbili akawa ananitumia salamu kwa kila aliyepita Malangali: Bibi Mifugo anasemaje, Bibi Mifugo amesaini? Nami katika wiki hizo, naona aibu kusema, niliandika barua nne nikazichana. Ya kwanza ililaumu mvua. Ya pili ililaumu maduka na soko huria. Ya tatu ilitaka maelezo ya kitaalamu yaandikwe kwa Kiswahili. Katika ya nne nilikumbusha kwamba serikali ilinipunguza kazini. Yote yalikuwa kweli, na hakuna hata moja kati ya hayo lililosimama mbele ya watu likasema dawa ya kiwele inatoka kwenye kiwele.

Nilipokwenda tena Pito, mjane alikuwa amekwisha kumfulia ng'ombe kamba ya kuondokea. Hakukusudia kubishana na kamati. Alikaa juu ya kinu kilichopinduliwa, mkono shavuni.

"Nimefikiria sana," alisema. "Au ningechuja mara nne?"

Nilirudi nyumbani nikaketi na fomu, rula na kalamu. Barua niliyopeleka ni hii.

Malangali, Sumbawanga
26 Machi 2002

Kwa Mwenyekiti na wajumbe wa Kamati ya Ng'ombe, Pito.

Ndugu wajumbe,

Narudisha fomu mliyoniletea. Maneno "uzembe wa mfugaji" nimeyakata kwa mstari mmoja, ili yaendelee kusomeka, na chini yake nimechora nafasi ambayo fomu yenu haikuwa nayo, ya mtaalamu. Hapo nimejaza jina langu na kosa langu: kueleza jambo la maabara kana kwamba ni la jikoni, na kuondoka kabla ya kuhakikisha nimesikika. Katika nafasi ya shahidi sikuandika mtu. Mashahidi ni ninyi nyote mliokuwepo.

Mfugaji huyu alifanya alichodhani nimemfundisha, kwa usafi ambao sijauona kwa mjumbe yeyote wa kamati, na alipoona mambo yameharibika aliniita bila kuficha. Mkimnyang'anya ng'ombe, kila mfugaji wa Pito atajua kwamba kiwele kikiugua dawa yake ni kunyamaza. Ng'ombe mwenye chuchu tatu hushika mimba kama mwenye nne. Familia inayofuata itapata mtamba wake kwa utaratibu uleule, wala haijapoteza chochote isipokuwa muda.

Naomba ng'ombe abaki alipo. Naomba pia mkutano uitishwe upya, nami nitasema kwanza kwamba dawa hiyo haijatengenezwa bado na kwamba maziwa, mtindi au maji yake hayaingizwi kwenye chuchu. Hayo mengine yatafuata kama mtakuwa na subira ya kunisikiliza. Kama kamati inaona ni lazima mtu aondolewe kitu, mniondolee mimi kazi ya kuwafundisha. Sitalalamika.

Nakala ya barua hii nimempelekea mwenye ng'ombe, nikamsomea mwenyewe hadi mwisho, kwa kuwa ndiye mnayemtuhumu. Ameniomba nisiwe mkali sana. Nimejitahidi. Jibu lenu naomba liwe kwa maandishi, mumpe yeye kwanza.