Safari ya China Aliyokwenda Shemeji

Majina siandiki, lakini walioninyima safari ya China wanajijua. Wa kwanza ni shemeji yangu, mdogo wake mke wangu. Wa pili ni supavaiza wetu pale kiwandani Louisville. Alijua nani anaijua mashine na nani anajua Kiingereza, akachagua Kiingereza.

Mimi nilisoma mpaka darasa la nne, kule Uvira, kabla vita havijatufukuza. Mengine yote nimejifunza kwa masikio. Kiwanda chetu kilikuwa cha maboksi, na mashine ya kuyakunja na kuyagundisha niliiendesha miaka mingi bila kusoma namba zake. Nilisimama tu nikasikiliza. Ikitaka kuharibika, ilibadilisha sauti kama mtoto anayetaka kuugua.

Shemeji alikuwa Columbus, anabeba mizigo ghalani. Mke wangu akanililia, nikamwita, akalala kwenye kochi letu miezi minane, nikamfundisha mashine yote, hata namna ya kuinamisha kichwa ili usikie vizuri. Wakati huo nilitaka kuomba uraia. Akaniambia nisijisumbue, wazee wanafanya mtihani wa uraia kwa lugha yao, ningoje nizeeke. Ni kweli wanafanya. Ila hakusema kwamba lazima kwanza uwe umekaa hapa miaka kumi na mitano, hata ishirini. Mimi nikangoja. Yeye akaenda kimya kimya, akaapa mbele ya bendera, akachukua pasipoti.

Basi kampuni ikaagiza mashine mpya China, ikataka mtu wa kuijaribu kabla haijapakiwa melini. Supavaiza akaniuliza kama nina pasipoti. Nikageukia mashine yangu. Shemeji alikuwa nyuma yangu, akajibu kwamba yeye anayo.

Picha zikaanza kuingia kwenye simu ya mke wangu. Kiwanda kilikuwa mkoani ndanindani, siku nzima ndani ya gari kutoka uwanja wa ndege. Milima imekatwa ngazi ngazi, mpunga umepanda mpaka kwenye ukungu. Migomba. Bibi mmoja amebeba kuni mgongoni, ameinama kama mama zetu. Mke wangu akauliza, hii si kama kwetu kule juu? Nikamwambia kwetu udongo hauna rangi hiyo. Nilidanganya. Ulikuwa mwekundu uleule.

Kilichoniuma zaidi ni sahani ya matembele. Sisi Louisville tulikuwa tunayanunua yamegandishwa, magumu kama tofali. Yeye aliletewa mabichi, yamekaangwa kwa kitunguu saumu, katika nchi ambako hamjui mtu hata mmoja.

Jumamosi moja asubuhi akapiga simu. Kwake ilikuwa jioni.

"Shemeji, mashini iko nalia mubaya," akasema. "Bon, sikiliza."

Akaweka simu karibu na mashine. Nilijua palepale. Kabla ya kila pigo hewa ilikuwa inavuja, fsss. Kuna vikombe vya mpira vinavyonyonya karatasi na kuinyanyua, na kimoja kilikuwa kimepasuka. Kazi ya dakika tano. Lakini nikafikiri: akishindwa huko, watajua mashine ni ya nani. Nikamwambia sisikii vizuri, asogee. Akasogea. Nikamwambia bado, na huku masikio yangu yanazoea, anieleze amekula nini.

Wachina wamesimama wanamngoja, na yeye ananisimulia samaki. Samaki mzima, wa mvuke, na tangawizi juu. Kichwa wanamwelekezea mgeni, na hakuna anayegusa mpaka mgeni aonje. Kwetu kichwa cha samaki ni cha mwenye nyumba. Niliona kabisa midomo yake inavyong'aa. Nikasema sauti bado siielewi.

Mke wangu alikuwa anasugua sufuria. Akaacha.

"Baba, unajua," akasema. "Mwambie."

Nikamwambia. Kikombe cha tatu, upande wa kushoto.

Aliporudi akatoa shukrani kanisani kwamba Mungu alimfungua masikio. Mungu, siyo mimi. Mashine mpya ilipofika wakampa yeye, mimi nikapelekwa kupanga maboksi. Sikumaliza mwaka. Nikahamisha familia Buffalo.

Kiangazi kilichofuata akaja kututembelea. Nikaenda Grant Street mwenyewe kununua samaki, mkubwa, na kichwa chake. Nilikuwa nimeshapanga. Nitamweka samaki mezani, kichwa nikielekeze kwangu, shemeji aone mkia, na akiuliza nitamjibu kwamba hapa siyo China. Maneno nilikuwa nayo tayari tangu njiani.

Mke wangu akaleta sahani, akaitua vibaya, kichwa kikamwangalia shemeji. Kabla sijanyoosha mkono, shemeji akasimama, akaizungusha sahani taratibu kwa mikono miwili mpaka kichwa kikanifikia mimi.

"Onja kwanza, shemeji," akasema. "Tunakungoja."

Hata hilo alininyang'anya. Nikaonja. Alikuwa samaki mtamu, na sikusema.